Ukabaila Usio na Intahe

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Buyenzi tunamwita Baroni. Hana shamba wala ng'ombe. Ana simu, na ndani ya simu ana ukoo wa wachezaji wanaomtolea ushuru wa dhahabu kila wiki. Mimi nilikuwa mmoja wao. Juma la mitihani nilikosa kutoa, akanifukuza, na mali niliyokusanya mwaka mzima ikabaki ghalani kwake. Nilipomuuliza nikashtaki wapi, alicheka: "Huku hakuna mahakama, ndugu yangu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niitazame upya michezo ya aina hii, hasa Lineage II wa Korea Kusini, uliotoka mwaka 2003 na ambao vyeo vyake vinajulikana sana. Humo anayeanza ni mzururaji, kisha mfuasi. Juu kabisa wapo baroni, duki, hata kaisari. Cheo hutegemea daraja la ukoo wako na nafasi yako ndani yake. Ukoo unaoteka ngome hupanga kodi ya bidhaa zinazouzwa katika mji ulio chini yake. Waliouunda mchezo waliuelewa ukabaila vizuri: cheo bila kodi ni jina tu.

Lakini waliuelewa kwa upande wa mwenye ngome. Mwaka 2004, katika seva ya Bartz, muungano mmoja wa koo ulihodhi maeneo ya kuwinda na kupandisha kodi. Wanyonge hawakuwa na pa kusemea, wakaasi. Wachezaji kutoka seva nyingine walikuja wakiwa na wahusika wapya wasio na silaha za maana, wakafa kwa makundi, wakarudi tena. Watu husimulia habari hiyo kama sifa ya mchezo. Mimi naiona kama kasoro yake, kwa sababu mchezo uliompa mnyonge njia moja tu ya kudai haki, yaani vita, haukumpa haki yoyote. Na walipoteka ngome, waasi wenyewe waligombea vyeo vilevile.

Sasa tulinganishe na Burundi ya wafalme. Nayo ilikuwa na ngazi zake: mwami, chini yake Abaganwa waliotawala mikoa, halafu watware wao. Ulikuwapo ubugabire, wa kupewa ng'ombe na kumtumikia aliyekupa. Ulikuwapo ubugererwa, wa kupewa ardhi na kulipa kwa jasho, ambao ulifutwa mwaka 1977 tu, miaka kumi na moja baada ya ufalme wenyewe. Sitaki kuupamba utaratibu huo. Aliyelima shamba la mwingine alichoka kama wachokavyo watu wote.

Hata hivyo kulikuwa na mambo mawili ambayo mchezo hauna. La kwanza, cheo cha Muganwa kilikuwa na mwisho. Majina ya wafalme yalizunguka, Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, na uzao wa mfalme wa zamani ulishuka hatua kwa hatua, ukaingia miongoni mwa watu wengine. La pili ni umushingantahe. Huyu hakurithi, majirani walimwangalia kwa miaka, kisha wakamsimika hadharani, akapewa fimbo ya intahe ya kuamulia kesi. Kwa desturi Muganwa hakusimikwa. Aliyetawala kilima hakuwa ndiye anayeshika intahe. (Wanawake na Watwa nao hawakusimikwa, na hilo ni doa tusilofaa kulifunika.)

Wapo wenzangu watakaosema huu ni mchezo tu, anayeonewa ajitoe. Ni kweli, mgererwa hakuwa na uhuru huo. Lakini ajitoe na nini? Mwaka wa kazi yake unabaki kwa bwana, kama vile migomba aliyoipanda mgererwa ilivyobaki shambani. Kuweka baraza la wachezaji waliochaguliwa, wasio na ngome, wanaoweza kumrudishia mtu mali yake, si kazi ngumu kwa waandishi wa programu waliojua kuhesabu kodi hadi senti ya mwisho. Hawakuliweka kwa sababu walidhani ukabaila ni mataji na kuta.

Juzi Baroni alinitumia ujumbe: nikilipa ushuru wa wiki tatu, atanirudisha katika cheo cha mfuasi. Kuhusu mali yangu hakuandika neno. Bado sijamjibu.