Van Gogh Alivyoufunza Mkono Wake Mstari

Juni 1888, mchoraji Vincent van Gogh alichora mashua za wavuvi ufukweni Saintes-Maries-de-la-Mer, kusini mwa Ufaransa. Alimwandikia mdogo wake Theo kwamba mchoro huo ulimchukua saa moja, bila kupimapima, kalamu akiiacha iende. Wapenzi wa sanaa husoma maneno hayo wakasifu kipaji. Lakini ukiifuata michoro yake tangu mwanzo, utaona kwamba saa hiyo moja ilitanguliwa na miaka minane ya kupima.

Alianza mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 27, katika kijiji cha Cuesmes, eneo la machimbo ya makaa ya mawe nchini Ubelgiji, baada ya kazi ya uinjilisti kumshinda. Michoro yake ya wakati huo haitoi dalili ya gwiji: watu wamekakamaa, viungo havilingani, mistari imekandamizwa karatasini. Hakujitetea kwa kusema huo ndio mtindo wake. Aliazima kurasa za mafunzo ya kuchora za mchoraji Mfaransa Charles Bargue, akaanza kuzinakili.

Sehemu moja ya mafunzo hayo, ya mazoezi ya mkaa, ina kurasa 60, nyingi zikiwa za miili ya watu iliyochorwa kwa mistari ya pembeni tu. Kanuni yake ni kutoanza na mviringo. Mwanafunzi hutafuta kwanza ncha za umbo: juu, chini, kushoto, kulia. Huziunganisha kwa mistari mifupi iliyonyooka, akiilinganisha yote na mstari mmoja wa wima, kama mwashi anavyolinganisha ukuta na timazi. Umbo likishakaa sawa, ndipo pembe zinalainishwa.

Njia hii inafaa kwa sababu mstari ulionyooka hauna pa kujificha. Ukilala upande zaidi ya inavyotakiwa, jicho linagundua mara moja, ilhali mviringo uliokosewa unaweza kupendeza na bado ukadanganya. Zaidi ya hayo, mchoro wa kunakili hautikisiki wala hauchoki kukaa mkao mmoja. Kosa likitokea ni la mchoraji, na linaweza kupimwa. Van Gogh alizipitia kurasa hizo zaidi ya mara moja.

Kunakili karatasi, hata hivyo, hakumfundishi mtu kuchora barabara inayokwenda mbali. Alipohamia mji wa The Hague, Uholanzi, Van Gogh alikutana na tatizo hilo, na mwaka 1882 akatengenezewa fremu yenye nyuzi zilizokatizana, iliyosimama juu ya miguu inayochomekwa mchangani. Alitazama mandhari kupitia nyuzi hizo, akaona kila paa na kila mfereji unakatiza wapi, kisha akahamishia alama hizo kwenye karatasi. Kipindi hicho pia aliipenda penseli nene ya seremala, ambayo haimruhusu mtu kujificha katika vijimstari vya woga.

Kiangazi cha 1885, akiwa kijiji cha Nuenen, Uholanzi, aligeuza utaratibu. Wakulima aliowachora walikuwa na mistari sahihi ya pembeni lakini hawakuwa na uzito. Akaanza kuchora kutoka katikati ya mwili kwenda nje: kwanza mviringo wa mgongo na nyonga, kisha ukingo. Wanawake wanaookota masazo ya mavuno katika michoro ya mwaka huo wameinama kweli, na mtu anauhisi mzigo wa viuno vyao.

Zana ya mwisho ilikuwa kalamu ya tete, jamii ya kalamu iliyotumiwa na wanakili wa misahafu wa mwambao wetu. Huko Arles, kusini mwa Ufaransa, aliichonga kutokana na matete ya eneo hilo. Kalamu hiyo haihifadhi wino mwingi: mstari huanza mnene, hukonda, kisha hukatika. Badala ya kupambana na udhaifu huo, Van Gogh aliufanya lugha. Nukta zikawa anga au udongo, mikato mifupi ikawa mabua ya ngano, vizingo vikawa majani ya miti.

Hapo ndipo ilipo siri ya mazoezi yake. Hakurudia jambo lile lile kwa miaka minane. Kila kipindi alichagua kasoro moja, akaitafutia zoezi au zana inayoibana kasoro hiyo, akakaa nayo mpaka ikalegea. Wala hakuona haya kurudi darasa la kwanza: mwaka 1890, wiki chache kabla ya kifo chake, alitaka tena kurasa za Bargue azinakili zote.

Kwako wewe unayejaza daftari bila kuona mabadiliko, anza hivi. Chagua mchoro mmoja mzuri wa mistari, uunakili kwa ukubwa ule ule, kisha uweke juu ya ule wa awali na uinue yote miwili kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mstari ulipopotea. Andika kosa moja tu pembeni, na kesho chora tena mchoro huo huo ukilishughulikia hilo peke yake. Mstari mrefu uvute kwa mkono mzima kutoka begani, kwa mpigo mmoja, usiuparureparure. Daftari lililojaa michoro isiyokaguliwa ni karatasi tu. Mkono hujifunza pale kosa linapojulikana kwa jina.