Kinachomshika Mchezaji

Mchezo ni kazi ya sanaa kama ilivyo hadithi au shairi. Una mtungaji wake, una kanuni zake, na una namna yake ya kumtoa mtu katika shughuli zake na kumweka mahali pengine kwa muda. Hadithi ina wahakiki wake, na shairi hupimwa kwa vina na mizani. Lakini mchezo husifiwa tu na wanaoupenda na kulaaniwa na wasioupenda. Mzazi husema mchezo wa simu umemroga mwanawe. Mtoto husema mchezo ni mtamu. Maneno yote mawili hayatuambii jambo lililo kubwa, yaani mchezo ule umetungwaje hata mtu akasahau chakula na usingizi. Swali hilo ndilo tutakalo kuliuliza hapa, kwa maana kushikwa na mchezo si kwa namna moja.

Tuanze na mchezo ulio karibu. Mtu apitaye Isinya, katika njia kuu itokayo Nairobi na Kitengela kwenda Kajiado na Namanga, yumo katika nchi ya Wamaasai, na Wamaasai wana mchezo wao uitwao enkeshui. Ni wa ukoo mmoja na bao la pwani, ila enkeshui una safu mbili za mashimo, na bao la Kiswahili lina safu nne. Wachezaji huketi kivulini, kete zikipita toka shimo hata shimo, na watazamaji huwazunguka wakitoa mashauri wasiyoombwa. Hapana taa zinazomweka, hapana muziki, hapana zawadi. Walakini jua huhama na wachezaji wasihame. Wameshikwa na nini?

Bao la Kiswahili latufunulia siri hiyo vizuri zaidi, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa na kuchunguzwa. Lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi. Katika sehemu ya kwanza, iitwayo namua, huingiza kete moja kila zamu. Akila kete za mwenziwe huzisambaza upande wake, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, mwendo haukomi, bali huendelea, hata pengine ubao wote hubadilika sura kwa tendo la kete moja. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu ni ya mwenziwe. Tazama ustadi wa kanuni hizi: tendo ni dogo, na matokeo yake ni makubwa. Tena kila jambo li wazi. Hapana dadu wala karata iliyofunikwa. Ashindwaye aweza kurudi nyuma kwa mawazo mpaka kwenye kete iliyomponza, na uchungu wa kuijua kete ile ndio unaomwita tena kesho. Mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikwenda Unguja kuwachunguza mafundi wa bao, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya ustadi wao na mipaka ya akili ya mwanadamu. Julius Nyerere naye, mwenye nchi nzima ya kufikiria, alikuwa mpenzi wa bao.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alieleza mwaka 1975 kwamba mtu huzama katika tendo pale ugumu wake unapolingana na uwezo wake. Likiwa jepesi mno huchoka; likiwa gumu mno huingiwa na wasiwasi. Katika bao mizani hiyo hushikwa na mpinzani, maana mtu hutafuta wa kimo chake. Lakini mtu achezaye peke yake na mashine, nani atamshikia mizani?

Jibu moja zuri lilipatikana karibu kwa bahati. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado, wa kampuni ya Taito, alitoa mchezo uitwao Space Invaders. Maadui hushuka kutoka juu kwa safu, na mchezaji huwapiga kutoka chini. Kompyuta ya mashine ile ilikuwa dhaifu: maadui wakiwa wengi ililemewa na kazi ya kuwachora, nao wakaenda polepole, walipopungua, waliobaki walikwenda mbio. Nishikado aliuona uzuri katika kasoro hiyo, akaiacha. Kwa hiyo mchezaji akaribiapo ushindi, ndipo ushindi unapokimbia. Mimi nauhesabu mchezo huu katika kazi njema, kwa sababu kinachomshika mtu kimo ndani ya mchezo wenyewe, wala hakuna kilichofichwa.

Sasa tuutazame wa pili. Candy Crush Saga, uliotolewa na kampuni ya King mwaka 2012, ni mchezo wa kupanga peremende za rangi tatu tatu. Kwa mpango wa peremende zake sina neno baya. Hupendeza jicho, na mafumbo mengine yana akili. Ila mchezaji hupewa roho tano. Kila ashindwapo katika hatua hupoteza moja, na zote zikiisha hungoja dakika 30 kupata roho moja, au huomba kwa rafiki, au hulipa. Hatua zenyewe ni maelfu, na nyingine huongezwa daima. Hapa mhakiki sharti asimame. Kungoja kule si sehemu ya fumbo, wala hakumfundishi mchezaji jambo lo lote juu ya peremende. Ni bawabu aliyewekwa mlangoni. Mtu huweka simu kando, lakini akili yake huhesabu dakika, na hata akiwa darasani yu mchezoni. Mchezaji wa enkeshui akiondoka kivulini ameondoka.

Jambo hili la kungojea lina ndugu yake mkubwa. Mwaka 1957 Charles Ferster na B. F. Skinner wa Marekani walichapisha kitabu juu ya namna viumbe wanavyozoea malipo. Walionyesha kwamba njiwa apataye punje baada ya madonoo yasiyotabirika, mara machache, mara mengi, hudonoa bila kupumzika, na huchelewa sana kuacha hata punje zinapokoma. Asomaye habari hiyo kisha akautazama mchezo wa Aviator, uliotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019 na kuenea sana Kenya, atamtambua njiwa. Ndege yapaa kiooni, na kiasi cha fedha chapanda pamoja nayo. Mchezaji sharti atoe fedha zake kabla ndege haijatoweka, nayo yaweza kutoweka wakati wo wote. Kando huonyeshwa watu wengine na fedha walizopata. Ashindwaye huona kuwa alichelewa kidogo tu, akaamini kwamba anajifunza. Hajifunzi kitu. Mruko mmoja hauna kumbukumbu ya mruko uliotangulia, na hapana kete ya kurudia kwa mawazo. Ni kamari iliyovaa nguo za mchezo, na sheria ya Kenya yamkataza aliye chini ya miaka 18 kuigusa. Walakini kidole cha kijana hukifikia kioo kabla sheria haijafika.

Hukumu si nyepesi hivi kila mara. Mchezo mmoja waweza kuwa na nyuso mbili, na mfano wake ni kandanda ya PlayStation, ile iliyoitwa FIFA mpaka mwaka 2023 ilipopewa jina la EA Sports FC. Tangu mwaka 2009 una sehemu iitwayo Ultimate Team, ambamo mtu hununua pakiti asiyojua ndani yake yumo mchezaji gani. Wasimamizi wa kamari wa Ubelgiji walipotoa hukumu mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, kampuni iliacha kuuza huko sarafu za mchezo huo mwanzoni mwa mwaka 2019. Huo ni uso mmoja. Uso wa pili waonekana katika vyumba vya mitaani, Kitengela na katika miji midogo ya njia hiyo, ambamo vijana wawili hulipa shilingi chache wakacheza mechi moja. Hapo hapana pakiti. Yapo mabao, yapo makosa yanayoonekana na kila mtu chumbani, na yapo mashauri yasiyoombwa. Mechi ikiisha, aliyeshindwa huinuka, na aliyekuwa akingoja nyuma ya benchi huketi.