Nora Bwaloni: Kiingereza, Kicheko na Aibu

Wakenya wengi walitazama mchezo wa kuigiza wa kwanza maishani mwao wakiwa kwenye benchi za bwalo la shule, harufu ya maharagwe ya jana ikiwa bado hewani. Hawakukata tiketi kwenda Kenya National Theatre. Mchezo uliwafuata wao. Uliletwa na matatu, vijana sita ama saba wamebanana na sanduku la mavazi, spika mbili na kiti kimoja cha heshima cha kuigizia mfalme, meya ama mume, kulingana na kitabu cha mwaka huo.

Tunayaita maonyesho ya setbook. Kundi linazunguka kutoka shule hadi shule, linaigiza vitabu teule vya KCSE, na lengo lililotangazwa ni moja: Kiingereza kisichoshe. Kwa wanafunzi wengi ndiyo tamthilia ya kwanza kuiona ikichezwa na, tuseme ukweli, ndiyo ya mwisho. Lakini fungua kurasa za sanaa za magazeti yetu uniambie ni lini ulisoma mtu akisema onyesho kama hilo lilikuwa zuri ama bovu. Linahesabiwa kama tuition. Mimi nimeyatazama mengi, kwanza nikiwa mwanafunzi, halafu nikiwa mtu mzima anayeomba ruhusa ya kukaa nyuma karibu na walimu, na nadhani ni wakati wa kuyachukulia kama sanaa. Yaani, tuyasifu yanapostahili, na tuyaseme yanapotuangusha.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka na Free Travelling Theatre, wakicheza kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata kundi lake la aina hiyo, John Ruganda akiwa miongoni mwa walioliongoza. Angalia hilo neno free kwenye jina. Mtazamaji hakulipa. Leo mwanafunzi analipa, ama mzazi analipishwa kupitia shule, na anayelipa anataka kuona faida. Faida shuleni ina jina moja tu: alama. Hapo ndipo shida ya kisanaa inapoanzia, kwa sababu onyesho linaanza kuogopa mtihani kuliko linavyoogopa kuchosha watu.

Njia rahisi ya kuliona hilo ni kukaa bwaloni siku kundi limeleta vitabu viwili, cha Kiingereza asubuhi na cha Kiswahili baada ya chakula. Chukua miaka ile hadi 2022, wakati watahiniwa walikuwa na A Doll's House ya Henrik Ibsen upande mmoja na Kigogo ya Pauline Kea upande wa pili. Mchana, Husda akimvamia Ashua ofisini kwa Majoka, bwalo lilikuwa linapasuka. Ngurumo akiyumba kule Mangweni, watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Na kicheko hicho kilitoka ndani ya maneno ya mwandishi mwenyewe. Sasa rudi asubuhi. Katika maonyesho mengi niliyoyaona, watu walicheka pia, lakini walicheka pale mwigizaji alipotoka nje ya kitabu: alipochomeka Sheng, alipomtaja deputy principal, alipocheza wimbo uliokuwa ukivuma wiki hiyo. Kisha alirudi kwenye Kiingereza na bwalo likarudi kimya, kalamu juu ya daftari. Kiingereza kilikuwa dawa chungu, na utani ndio ule ugoro wa sukari unaopakwa juu. Mwanafunzi akiondoka hapo amejifunza kitu kimoja: raha iko mahali Kiingereza hakipo.

Hilo ningeweza kulivumilia. Lisilovumilika ni utani wa pili, ule wa lafudhi. Kila mtu aliyesoma hapa anaujua. Anatokea mhusika mdogo, mlinzi ama mjakazi ama mzee wa kijiji, na kazi yake yote ni kushrub. Anachanganya r na l, anaongeza n mahali haipo, na bwalo zima linamwelekea yule mwanafunzi ambaye kila mtu anajua anaongea hivyo. Kicheko kinakuwa kikubwa kweli. Kundi linaamini limefaulu.

Kwani tumesahau tulikotoka? Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, jinsi mtoto aliyekamatwa akiongea Gĩkũyũ karibu na shule alivyochapwa ama kuvishwa kibao shingoni, na jinsi kitufe kilivyopitishwa mkono kwa mkono ili watoto wasalitiane. Hiyo ilikuwa wakati wa mkoloni. Shule niliyosoma mimi, Kenya huru kabisa, ilikuwa na diski yake. Uliyekutwa nayo jioni ulijua kinachokungoja. Kwa hivyo sisi hatukukosa Kiingereza kwa sababu kinachosha. Wengi wetu tulinyamaza kwa sababu tulikiogopa, na tulikiogopa kwa sababu kukikosea kulikuwa na adhabu na mashahidi. Onyesho linalochekesha kwa kumcheka anayeshrub halijaondoa diski. Limeivisha tu mavazi ya jukwaani na kuwaalika watu mia tatu kuipitisha.

Ndiyo maana nataka kuwasimulia onyesho moja la A Doll's House nililoliona katika shule ya wasichana, lililochezwa na watu watano tu, bila spika. Hawakuwa na utani wa nje. Walichukua kitu kidogo kilicho kwenye tamthilia yenyewe: yale majina ya mapenzi ambayo Torvald anampa mkewe, mara ndege anayeimba, mara kindi. Mwigizaji wa Torvald aliyatamka polepole, kwa uungwana wa mtu anayejua pesa ni zake. Mara ya kwanza wasichana walicheka kidogo. Mara ya tatu walikuwa wameshajua yanakuja. Nora alipokuwa akificha macaroons zake mfukoni na kupangusa midomo, safu za mbele zilikuwa zinamtajia Torvald jina linalofuata kabla hajafungua mdomo. Kwa Kiingereza. Kwa sauti. Na hakuna aliyejali r wala l.

Kisha ikaja barua ya Krogstad. Torvald akajua mkewe alighushi sahihi ya baba yake ili kukopa pesa za kumtibu yeye mwenyewe. Torvald akamwita mnafiki, mwongo, mhalifu. Wasichana walisubiri ndege, walisubiri kindi. Hakuna. Nimeshuhudia kimya kingi bwaloni, kingi chake kikiwa cha usingizi, lakini hiki kilikuwa cha watu waliogundua kwamba neno walilokuwa wanalicheka lilikuwa na bei. Halafu ikaja barua ya pili, deni likafutika, na yule bwana, bila haya, akayarudia majina yale yale matamu. Bwalo likamzomea. Nora alipotoka kwa mlango wa chuma wa bwalo na kuubamiza, hakuna aliyehitaji kuelezwa maudhui.

Huko ndiko kufurahisha lugha. Raha ilikuwa ndani ya maneno, na maana ikafika kupitia raha hiyo. Tena fikiria kitu kimoja. Ibsen hakuandika kwa Kiingereza. Aliandika Kinorwe, na tamthilia hiyo ilichezwa mara ya kwanza Copenhagen, Desemba 1879. Iliyotangulia kama tamthilia ya lazima kwa watahiniwa wetu, The Caucasian Chalk Circle ya Bertolt Brecht, ilitoka kwa Kijerumani. Kwa hivyo katika lile bwalo, kuanzia mwandishi hadi mpishi aliyechungulia dirishani, Kiingereza hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote. Sote tulikuwa wageni ndani yake. Wale waigizaji watano waliigiza kana kwamba wanalijua hilo, na wageni wakiwa wengi hivyo, nani atamcheka nani?

Najua mwalimu wa lugha atakavyonijibu. Msee, mimi nina wanafunzi sitini na vitabu ishirini, na karatasi ya tatu inakuja. Nataka maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Ndiyo maana makundi mengi yana yule msimulizi anayesimamisha mchezo katikati ili kutangaza kwamba hapa tumeona usaliti, andikeni. Namwelewa mwalimu. Vitabu havitoshi, na kuna mtahiniwa ambaye onyesho ndilo usomaji wake wa pekee wa kitabu kizima. Lakini msimulizi huyo anampa kitu ambacho miongozo ya dukani tayari inampa, tena kwa bei nafuu. Kitu ambacho mwongozo hauwezi kumpa ni ile sekunde ya kusubiri jina lisilokuja. Mwanafunzi aliyeipitia hatasahau sifa za Torvald, hata ukimwamsha usiku wa manane.

Siku hizi vitabu vimebadilika. Kuna The Samaritan ya John Lara, ambapo wanafunzi wanatengeneza programu ya simu ya kufichulia ufisadi wa wakubwa wa mji wao. Mashujaa ni vijana wa shule, wanaongea na watu wazima wenye vyeo, na wanaogopwa kwa sababu ya wanachosema. Kundi lisingehitaji hata kubeba waigizaji wote. Acheni nafasi mbili wazi. Mwiteni msichana wa safu ya nyuma, mpeni karatasi, asome mistari ya mwanafunzi mbele ya meya. Atashrub? Atashrub. Meya ashtuke vilevile, kwa sababu kilichomtisha ni ukweli, si lafudhi.

Makundi haya yanafanya kazi ngumu: barabara mbovu, malipo yanayocheleweshwa, watazamaji waliolazimishwa kuja. Nayaheshimu kwa hilo. Lakini nikiulizwa kama onyesho fulani lilifanya Kiingereza kiwe raha, sitahesabu vicheko. Nitasimama mlangoni watu wakitoka nisikilize. Ikiwa wanamwigiza mlinzi aliyeshrub, mmewauzia diski. Ikiwa wanaitana kindi na kubishana kama Nora alikosea kuwaacha watoto, kwa Kiingereza kibovu na kwa sauti ya juu, pesa ya mzazi imerudi.