Marianne Moore, Mhesabu wa Silabi

Aliyekulia kwenye tenzi huisikia mizani kabla hajafundishwa kuihesabu. Mshororo wa mizani nane ukipungua mizani moja, sauti ya muimbaji inakwama. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kumfikia Marianne Moore, mshairi wa Marekani aliyewasumbua wengi wa lugha yake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1887 huko Kirkwood, Missouri, nyumbani kwa babu yake mzaa mama, mchungaji wa Kipresbiteri. Baba yake hakupata kumwona. Alisoma Chuo cha Bryn Mawr, akavutiwa mno na maabara ya biolojia, na mwaka 1918 akahamia New York pamoja na mama yake. Alifanya kazi maktabani, kisha akahariri jarida la The Dial hadi mwaka 1929.

Ushairi wa Kiingereza ulikuwa umezoea kupimwa kwa mkazo wa sauti. Moore akahesabu silabi. Tena hakuanza na idadi aliyoipanga: ubeti mmoja ulikuja wenyewe kwa umbo lake, na beti zilizofuata zikalazimika kulitii. Katika “The Fish”, kila ubeti una mishororo ya silabi 1, 3, 9, 6 na 8, na vina juu yake. Neno lisipoenea, alilikata: kipande juu, kipande chini. Kwetu angeambiwa amevunja arudhi. Lakini kwake mkato huo ulikuwa kazi halali, kwa kuwa unalisimamisha jicho mahali ambapo lingepita mbio. Hapo ndipo anapoachana na watunzi wetu. Vina vyetu vinataka kusikika ukumbini. Vyake mtu anaweza kuvisoma kwa sauti asivitambue, mpaka atazame ukurasa.

Na alikuwa mtazamaji hasa! Mwaka 1936 alichapisha shairi refu kuhusu kakakuona. Mnyama huyu, ambaye huku kwetu akionekana kijijini watu humzunguka wakisubiri atabiri mwaka, Moore anamsoma kama fundi anavyosoma kazi ya fundi mwenzake: jinsi magamba yanavyopandana, jinsi anavyotembea usiku kwa kukanyagia kingo za nje za viganja ili kucha zibaki kali kwa kuchimbia. Hakuna sifa tupu hata moja. Uzuri wote umetoka kwenye usahihi.

Diwani yake ya mwaka 1951, Collected Poems, ilipata tuzo za Pulitzer, Bollingen na National Book Award. Mwingine angetulia. Yeye aliendelea kupunguza. “Poetry”, shairi lake mashuhuri lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 1919, alilirudia mara kwa mara, hata mwaka 1967, akikaribia miaka 80, akabakiza mishororo mitatu tu. Toleo refu alilipeleka nyuma ya diwani ya mwaka huo, kwenye maelezo, ambako anayelitaka analikuta mpaka leo.