Mlezi wa Maji

Samaki wa tangi jipya anapoanza kuoza mapezi, ncha zake hufifia zikawa nyeupe, kisha huchanikachanika kama pindo la kanga kuukuu. Mwenye tangi hutafuta dawa. Fundi hutafuta kwanza hali ya maji, na hapo ndipo ninapouona uzuri wa kazi hii: anayemtibu samaki kwa kweli hutibu kile samaki anachoishi ndani yake.

Bakteria wanaotafuna mapezi, wakiwemo Aeromonas na Pseudomonas, huweza kuwamo hata katika tangi lenye afya. Ute wa samaki huwazuia, mpaka udhoofike. Katika tangi jipya kinachoudhoofisha mara nyingi ni amonia, ambayo samaki mwenyewe huitoa kupitia matamvua yake, na chakula kilichosalia kwenye changarawe huiongeza kinapooza. Jicho haliioni. Maji yanaweza kung'aa, na yakawa yanamchoma aliyemo.

Wanaoliokoa tangi ni bakteria wengine, nami nawaheshimu sana. Wapo wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huihimili vizuri zaidi. Huota kwenye sponji ya chujio na juu ya kila jiwe, polepole, kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Miaka mingi sifa ya hatua ya pili walipewa Nitrobacter; mwaka 1998 watafiti wakaonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na Nitrospira. Mwaka 2015 ikabainika kuwa baadhi ya Nitrospira huzimaliza hatua zote mbili peke yao. Viumbe hao wamekuwa wakifanya kazi kwenye machujio ya watu muda wote huo bila kujulikana.

Mafunzo magumu kuliko yote huyapata anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wavuliwao Kigoma na kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya rangi zao. Maji ya ziwa lao yana pH inayokaribia 9. Sasa, amonia ina sura mbili, moja kali na moja pole, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Katika joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 sehemu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kwa hiyo kiasi kilekile kinachovumiliwa na samaki wa mto kinaweza kumuua huyu.

Tiba yenyewe haina mbwembwe. Pima amonia na nitriti. Badilisha robo ya maji, hata kila siku, kwa maji yenye joto lilelile. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza, maana inaunguza matamvua na kuua bakteria wema. Yakiwa na kloramini, kuyaacha wazi usiku kucha hakutoshi, lazima kuwe na dawa ya kuiondoa. Punguza chakula. Sponji isuuzwe katika maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba. Uozo ukikaribia shina la pezi, hapo ndipo dawa ya kuua bakteria inapohitajika, na mgonjwa atengwe katika chombo chake, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuwaua pia wale wa kwenye chujio.

Ombi langu ni kwa wauza samaki. Mnunuzi anapoondoka na tangi jipya, mkatieni kipande cha sponji kutoka tangi lenu la zamani lisilo na ugonjwa, mkitie ndani ya mfuko wenye maji. Bakteria waliomo watamfupishia wiki nyingi za kungoja, na samaki wake wa kwanza hawatalazimika kuugua ili yeye ajifunze.