Gitaa Lililofunika Neno: Juu ya Tungo za Awali za Mwenda Jean-Bosco

Makala haya mafupi yanakusudia kuuliza swali moja: kwa nini mtunzi aliyeimba kwa Kiswahili aachiwe wataalamu wa muziki peke yao, hali wahakiki wa fasihi yetu wanampita kando? Mtunzi tunayemkusudia ni Mwenda Jean-Bosco, ajulikanaye pia kama Mwenda wa Bayeke.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, makao makuu ya Msiri, mtawala ambaye asili yake ilikuwa Unyamwezi. Alikulia katika nchi ya migodi ya shaba, ambako wafanyakazi wa makabila mengi walisikilizana kwa Kiswahili. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, na wimbo wa “Masanga” ukamtangaza mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na upigaji wake wa kidole gumba na cha shahada ukaigwa na vijana wengi. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Sifa hizo zote zilifuata vidole vyake. Makala mashuhuri ya David Rycroft, yaliyotolewa kwa sehemu mbili mwaka 1961 na 1962, yanatangaza gitaa katika kichwa chake chenyewe. Hatumlaumu mwanamuziki kwa kusikiliza muziki. Lawama ni yetu sisi tunaoielewa lugha.

Nadhani sababu ya ukimya wetu ni haya. Tumezoeshwa kukiona Kiswahili cha Kongo kuwa lugha iliyovunjika, isiyostahili kuitwa ya kifasihi. Lakini tutazame maumbo yenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga husikika “mutu” na “katoto”. Nasi huku Maniema maumbo hayo si mageni. Msahihishaji atakayeandika “mtu” ataiondoa irabu ambayo mwimbaji angeweza kuivuta sauti yake juu yake. Akiandika “kitoto”, amepoteza kiambishi ka-, ambacho huweza kubeba huruma au dhihaka kwa kadiri ya msemaji. Kwa hiyo usahihishaji wa namna hiyo haumsaidii mtunzi. Unamwondolea fani yake.

Huenda mtu akapinga kwamba nyimbo za gitaa ni burudani tu. Je, taarabu si burudani? Hata hivyo Shaaban Robert hakuona haya kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, na leo hakuna mhakiki anayeyadharau maneno ya Siti. Mwenda naye angali anamngoja Shaaban wake.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuyaandika maneno ya santuri za 1952 kama yalivyotamkwa, bila kuyanyoosha, kwa msaada wa wazee waliozisikia zingali mpya. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Santuri zitabaki, na gitaa litaendelea kusikika. Lakini maana ya neno la mtaani, akiondoka aliyelitumia, haipatikani tena kwa kuirudia santuri.