Kipaza Sauti ni Kipi? Uhakiki wa Istilahi katika Mwongozo wa Vikuza Awali vya Magitaa ya Besi

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele yetu ili lugha yake itazamwe kabla ya kuchapwa, ni chache zinazohusu vyombo vya muziki, na chache zaidi zinazohusu umeme uliomo ndani ya vyombo hivyo. Kwa hiyo tuliupokea kwa furaha mswada unaofasiri mwongozo wa kuchagua, kutia na kurekebisha vile vifaa vidogo vinavyoukuza umeme wa gitaa la besi kabla haujafika kwenye amplifaya. Wapiga besi na mafundi wa vyombo vya muziki ni wasomaji halali wa Kiswahili kama walivyo wakulima na waganga, na wana haki ya kuandikiwa mambo ya kazi yao kwa lugha wanayoifikiria.

Jina la mfasiri hatutalitaja. Makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mengine ameyarithi kutoka katika orodha za istilahi zinazozunguka maofisini na vyuoni, ambazo sisi wenye kazi hii tumeshiriki kuzieneza. Tunalolikusudia ni kuonyesha namna neno lisilochaguliwa vyema linavyoweza kuharibu kazi ya mkono, na kutoa mapendekezo.

Kifaa chenyewe

Haiwezekani kuhakiki jina kabla ya kukijua kinachoitwa. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Ule mnene kuliko wote ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na ule mwembamba mara 98. Chini ya nyuzi pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara nyingi sana. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huzalisha umeme dhaifu katika waya huo. Kwa gitaa kavu la besi, lenye kisanduku cha mbao, aghalabu hutumika kipande cha piezo kilichowekwa chini ya daraja. Hicho hakihitaji sumaku. Hubanwa na mtikisiko wa nyuzi, nacho kikatoa umeme wake.

Umeme huu ni mdogo mno kuweza kusukuma spika. Hukuzwa kwa hatua: kwanza kidogo, ili upate nguvu ya kusafiri na uweze kurekebishwa unene na wembamba wake, kisha sana, ili usukume spika. Kifaa cha hatua ya kwanza ndicho kinachozungumzwa katika mswada huu. Huweza kuwa ndani ya gitaa, au katika kisanduku kinachokanyagwa kwa mguu, au ndani ya amplifaya yenyewe.

Neno "kipaza sauti"

Katika sura ya kwanza mfasiri anakiita kifaa hiki "kipaza sauti cha msingi". Katika sura ya pili, sumaku zilizo chini ya nyuzi anaziita "vipaza sauti vya gitaa". Katika sura ya nne, "kipaza sauti" ni spika. Basi tukakuta sentensi hii: "Unganisha kipaza sauti na kipaza sauti cha msingi, lakini usikiunganishe moja kwa moja na kipaza sauti." Sentensi hii haina kosa la sarufi hata moja, lakini hakuna fundi awezaye kuitii.

Tusimcheke mfasiri. Kila siku tunasema kwamba mtangazaji ameshika kipaza sauti, na tunasema vilevile kwamba juu ya mnara wa msikiti pana vipaza sauti. Katika mazungumzo mazingira hutuokoa. Katika hati hayatuokoi. Tunaijua ofisi moja ya umma iliyoomba kwa maandishi iletewe vipaza sauti sita kwa ajili ya ukumbi wake, ikaletewa maspika sita, na hapakuwa na njia ya kumlaumu aliyeyaleta, kwa kuwa alileta kilichoandikwa.

Lipo kosa la ndani zaidi. Kitenzi "kupaza" huenda na sauti: mtu hupaza sauti, hapazi umeme. Ndani ya gitaa la besi hamna sauti inayopazwa. Mnaingia mtikisiko, unatoka umeme, na umeme huo unabaki kuwa umeme mpaka ufike kwenye spika, ambako hugeuzwa kuwa sauti. Kwa hiyo neno "sauti" katika jina la kifaa hiki linamwambia msomaji jambo ambalo halipo. Fundi anayeamini kwamba ndani ya waya mnapita sauti hataelewa kwa nini waya mrefu hupunguza wembamba wa sauti, wala kwa nini mahali pa kutia kapasita panadhuru au kunufaisha.

Nalo neno "msingi" limeleta balaa lake. Wasomaji wawili tuliowapa mswada walidhani kwamba kipaza sauti cha msingi ni cha wanaoanza kujifunza, kama ilivyo shule ya msingi, na kwamba mpigaji aliyekwisha kuhitimu atatafuta cha sekondari.

Wapigaji wa bendi zetu za dansi wamekwisha kuyatenga mambo haya kwa maneno yao: wana maikrofoni, wana amplifaya, wana spika. Hayo ni maneno ya mkopo, lakini hayagongani. Penye mgongano wao pia wamekwama, kwani zile sumaku wanaziita "pikapu", neno ambalo kwa Mswahili aliye nje ya bendi ni gari la mizigo. Hapa ndipo mwanaistilahi anapohitajika, mahali ambapo watumiaji wenyewe wana upungufu.

"Tendaji" na "tendwa"

Besi ya Leo Fender iliyoitwa Precision Bass ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1951 haikuwa na betri ndani yake. Ilikuwa na sumaku, waya, virekebishi viwili na kapasita. Kampuni ya Alembic ya California, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilikuja kutia saketi zenye betri katika magitaa ya besi, na mwaka 1976 kampuni ya Music Man ikatoa StingRay, besi iliyotengenezwa kwa wingi ikiwa na kifaa cha kukuzia ndani yake. Baada ya hapo ndipo besi zile za zamani zilipohitaji jina la kuzitofautisha, kama vile simu ya mezani ilivyokuwa simu tu mpaka ilipokuja simu ya mkononi.

Mfasiri ameziita aina hizo "besi tendaji" na "besi tendwa". Ni dhahiri kwamba amekimbilia sarufi, kwa sababu huko ndiko alikozoea kuyakuta maneno ya Kiingereza yanayohusika. Lakini mfano wa sarufi hauchukuliki. Katika kauli ya kutendwa yupo mtendaji aliyefichika. Katika saketi isiyo na betri hayupo. Tofauti baina ya besi hizo ni moja tu: nyingine ina chanzo cha nguvu chake, nyingine haina. Kutokana na tofauti hiyo yanafuata mengine yote, na lililo kubwa ni kwamba kirekebishi cha besi isiyo na betri kinaweza kupunguza tu, ilhali cha besi yenye betri kinaweza kupunguza na kuongeza. "Tendwa" halimwongozi msomaji kwenye jambo hilo hata hatua moja.

Mwenzetu mmoja alipendekeza iliyo na betri iitwe "besi ya kujitegemea". Pendekezo hilo ni kinyume cha mambo yalivyo. Besi yenye betri ndiyo inayonyamaza betri inapokwisha, isipokuwa kama imetiwa swichi ya kukiruka kifaa hicho. Ile nyingine huendelea kulia. Kama ni kujitegemea, basi sifa hiyo ni ya ile ya mwaka 1951. Tunaona kwamba "besi ya betri" na "besi isiyo na betri" yanatosha, na kwa vitabu vya umeme kwa jumla, "saketi yenye chanzo cha nguvu" na "saketi isiyo na chanzo cha nguvu".

"Upinzani" wa kuingilia na wa kutokea

Katika sura ya kuchagua, mfasiri anaandika: "Kifaa kizuri kina upinzani mdogo." Tuyaache maana ya kisiasa ya neno "upinzani", ingawa "ukinzani" limekwisha kuzoeleka katika masomo ya fizikia kwa maana iliyo karibu na hii na lingefaa zaidi. Hatari iko katika kile kilichodondoshwa. Kifaa hiki kina milango miwili. Ukinzani wa mlango wa kutokea hupaswa kuwa mdogo, ili waya mrefu usiiharibu sauti. Ukinzani wa mlango wa kuingilia hupaswa kuwa mkubwa. Mfasiri, kwa kufupisha, amesema kweli kuhusu mlango mmoja na uongo kuhusu mwingine.

Anayepata hasara ni mpigaji wa gitaa kavu. Tuchukue kipande cha piezo chenye kapasitansi ya nanofaradi 1. Kikiunganishwa na mlango wa kuingilia wenye ukinzani wa megaomu 1, sauti zilizo chini ya mitetemo 159 hivi kwa sekunde huanza kufifia. Lakini nyuzi zote nne za besi zikipigwa wazi zina mitetemo 41, 55, 73 na 98. Yaani zote zimeingia katika eneo la kufifia, na ule mnene ndio unaoumia kuliko wote! Mlango huo ukiwa na megaomu 10, mpaka wa kufifia hushuka hadi mitetemo 16 hivi, nao uzi mnene unapona. Mtu aliyefuata mswada huu angenunua kifaa cha ukinzani mdogo, angesikia besi yake ikilia kama kopo, na angewalaumu waliotengeneza gitaa.

Betri mbili "pamoja"

Kosa hili tumelishuhudia matokeo yake. Mswada unasema kwamba mpigaji anayetaka sauti safi anapopiga kwa nguvu "aunganishe betri mbili pamoja". Betri mbili za volti 9 huunganishwa kwa namna mbili. Zikiunganishwa kwa mfululizo, hasi ya moja kwa chanya ya nyingine, hutoa volti 18. Zikiunganishwa sambamba, hutoa volti 9 zilezile, ila hudumu zaidi. Mwongozo wa asili ulikusudia mfululizo, na ulionya kwamba si kila kifaa kinastahimili volti 18. Neno "pamoja" limeibeba mikabala yote miwili bila kuitenga, na onyo limehamishiwa ukurasa mwingine.

Fundi tuliyemwomba aujaribu mswada kwa mikono aliunganisha kwa mfululizo, kama alivyozoea kwenye tochi na redio. Kifaa kilikuwa cha volti 9 tu, nacho kikaungua. Hakikuwa chake, kilikuwa cha mpiga besi aliyemwachia gitaa lake. Tulimlipa, lakini mwongozo ukishachapwa hakutakuwa na wa kuwalipa wasomaji.

Kasoro nyingine kwa ufupi

Kiasi cha ukuzaji kimeitwa "faida", kana kwamba kifaa kinafanya biashara. Kirekebishi cha ukubwa wa sauti kimeitwa "cha ujazo", neno la hisabati lenye kupima pipa. Kifaa cha kurekebisha unene na wembamba kimeitwa "kisawazishi". Jina hilo lilikuwa na maana katika simu, ambako kifaa cha aina hiyo kilitumika kufidia yale yaliyopotea njiani ili sauti zote ziwe sawa; mpiga besi hukitumia kinyume, azifanye zisiwe sawa, kama apendavyo.

Tundu la jeki lenye miguso mitatu limeitwa "tundu la sauti mbili", na mfasiri ameongeza kwa hiari yake kwamba si lazima, kwa kuwa besi ina sauti moja. Kumbe mguso wa tatu ndio swichi ya betri: jeki ikichomekwa betri huwashwa, ikichomolewa huzimwa. Hapa mfasiri alilifasiri jina la kifaa, hakuifasiri kazi yake.

Kwa haki yake, sehemu ya mbao na nyuzi imefasiriwa vizuri sana. "Shingo", "daraja" na "gitaa kavu" yametumika kwa uthabiti tangu mwanzo hadi mwisho, na maelezo ya kulegeza na kukaza nyuzi yanasomeka kama yaliandikwa kwa Kiswahili tangu asili. Pale mfasiri alipokijua kitu kwa mkono wake, lugha haikumpiga chenga.

Mapendekezo

1. Kinasa mtikisiko: kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, kiwe cha sumaku au cha piezo.
2. Kikuza awali: kifaa kinachoukuza umeme huo kwa hatua ya kwanza. "Awali" hapa ni ya mpangilio wa njia, si ya ngazi ya elimu.
3. Amplifaya: kifaa cha hatua ya mwisho ya kukuza. Neno limeenea, libaki.
4. Maikrofoni na spika: yatumike katika hati zote za kiufundi na za manunuzi. "Kipaza sauti" libakie katika mazungumzo.
5. Kima cha ukuzaji: mara ngapi umeme umekuzwa.
6. Kirekebisha toni: kifaa cha kuongeza au kupunguza unene na wembamba wa sauti.
7. Ukinzani wa kuingilia na ukinzani wa kutokea: yasiandikwe kamwe bila kutaja mlango.
8. Kwa mfululizo na kwa sambamba: yasibadilishwe na "pamoja".

Hitimisho

Tumeurudisha mswada kwa mfasiri, na tumemwomba aketi siku mbili katika karakana ya fundi kabla ya kuuandika upya. Ombi hilohilo tunalielekeza kwetu sisi tulio maofisini. Istilahi ya ufundi haipimwi kwa uzuri wake katika orodha. Hupimwa na mtu aliyeshika chuma cha kulehemu, ambaye hana wa kumwuliza. Walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri, na maofisa wanaoandika hati za manunuzi wanaombwa wayajaribu mapendekezo haya kazini na kutuletea maoni yao, hasa pale watakapoona kwamba tumekosea.